Jiwe la Homa ya Manjano Limelazwa Kifudifudi

Mwalimu mstaafu amefariki dunia, na yule bibi wa Mbarali ambaye mwalimu alikisubiri kifo chake kwa miaka bado anapepeta mchele wake mwenyewe. Naomba msomaji asininunie. Najua habari za msiba huanza na pole, na pole nimeshatoa: nimekaa chini ya turubai, nimekula wali wa msibani, nimesikiliza wasifu wa marehemu ukisomwa na mpwa wake kama tangazo la zabuni. Wasifu ulisema alikuwa mpole, mcheshi na mpenda watu. Hakuwa mpole, na sikuwahi kumsikia akicheka kitu ambacho hakikuwa kosa la mwenzake. Tulikuwa majirani hapa Mbeya, na kila safu hii ilipotoka alivuka barabara kuniletea gazeti langu mwenyewe, makosa yangu yakiwa yamepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Mtu wa namna hiyo ukimsifia upole, unamzika mtu mwingine.

Wasifu haukutaja hata kwa sentensi moja kazi iliyomla miaka yake ya mwisho. Alipostaafu kufundisha baiolojia, wenzake wakaanza kufuga kuku. Yeye alifuga kuku pia, lakini moyo wake ulikuwa kwenye historia ya majaribio ya homa ya manjano. Mwanafunzi wake wa zamani, mzaliwa wa kijiji kimoja ukiiacha lami pale Igawa, alimsimulia kwamba enzi za mkoloni madaktari walifika huko, wakawapanga watoto mbele ya nyumba ya jumbe, wakawatoa damu na kuondoka bila kusema ilikuwa ya nini. Mwalimu alijua ilikuwa ya nini. Alinieleza kwamba nyakati zile maji ya damu ya mtu yalichanganywa na vijidudu vya homa ya manjano, kisha panya weupe wakadungwa mchanganyiko huo. Panya akiishi, mwenye damu alikuwa na kinga, maana yake ugonjwa ulishapita kwao. Panya akifa, hakuwa na kinga. "Mwenye damu hakuletewa jibu," aliniambia. "Aliyejua ni panya."

Lakini hakuwa adui wa chanjo. Alikuwa na kadi yake ya njano, ameihifadhi pamoja na cheti cha ndoa, na kijana mmoja wa mtaani alipolitumia jina lake kuwaambia watu wasichanje, mwalimu alimwita mjinga mbele ya mama yake mzazi. Alisema chanjo imeokoa watu wengi mno, na ndiyo sababu walioitolea damu wanastahili kujulikana. Alitaka kitu kimoja tu duniani: watoto wale wawe na majina, na majina yao yasomeke palepale walipotolewa damu.

Safari ya kwanza nilikwenda naye, na nilijuta tangu mchana. Msomaji wa Nyanda za Juu hahitaji kuelezwa tulivyopokewa. Mzee mgeni, Mhehe wa Iringa mwenye miwani mizito na mkoba mweusi, anaingia kijijini na kupita nyumba kwa nyumba akiuliza, "Hapa nani aliwahi kutolewa damu?" Huku kwetu hadithi za wanyonya damu watu wamenyonya na maziwa ya mama. Kabla hatujafika nyumba ya tatu, vijana wa bodaboda walikuwa wametuzunguka.

"Mzee, unaulizia damu ya nani?" alisema mmoja wao.

"Ya babu zenu."

"Babu zetu wameshakufa. Sasa unataka ya nani?"

Mwalimu akaanza kuwaeleza habari za panya. Hapo ndipo mawe yalipoanza kuokotwa. Mtendaji wa kijiji alituwahi, akatusukumia ofisini kwake na kutufungia humo mpaka vijana walipopoa. Mwenzangu hakuogopa hata kidogo. Alikaa juu ya gunia la mbolea akilalamika kwamba wamemkatiza kabla hajafika kwenye kinga ya mwili. Mimi nilikuwa nawachungulia vijana dirishani, na katika kuchungulia kule niliona jambo ambalo yeye na elimu yake hakuliona: kwamba hofu ya wale vijana ndiyo kumbukumbu pekee iliyokuwa imebaki. Hakuna aliyewaambia damu ilikwenda wapi, basi wajukuu wakarithi mashaka.

Alirudi, akarudi tena, mpaka wakamzoea kama wanavyomzoea mtu wa sensa. Akampata bibi mmoja, wa mwisho aliye hai kati ya wale watoto. Nilikuwepo siku alipomwamkia "Kamwene" na kuketi kwenye mkeka wake. Bibi aliendelea na ungo wake huku akitaja wenzake polepole, huyu mtoto wa fulani, yule aliyekuwa na chongo, yule aliyekufa kwa kuliwa na mamba. Akaukunjua mkono na kuonyesha mahali sindano ilipoingia. Hapakuwa na kovu lolote, lakini aliparudishia kidole mara kwa mara, na mwalimu, mtu mgumu kama alivyokuwa, alivua miwani akaifuta.

Basi akaenda kwa fundi makaburi wa hapa Mbeya. Ndiye anayejua kuchonga herufi, kwa hiyo hilo halikunishangaza. Fundi akatengeneza alichozoea kutengeneza, yaani bamba la marumaru nyeusi lenye msalaba juu na majina chini. Majina yote yalikuwemo, la bibi likiwa la mwisho. Siku ya kulizindua kule kijijini kulikuwa na kwaya, soda, na mtendaji aliyevaa suti. Bibi hajui kusoma, hivyo mjukuu wake wa kike alisimama mbele ya jiwe na kumsomea kwa sauti. Alipofika jina la mwisho, akina mama walioketi chini walishika vichwa.

"Mwalimu," bibi aliuliza, "jina yangu umeweka kwenye kaburi ya nani?"

"Si kaburi, bibi. Ni kumbukumbu, kama jiwe la msingi la kanisa. Mbona lile lina jina la askofu, na askofu yu hai?"

"Askofu amejengewa kanisa. Mimi umenijengea nini?"

Mtu aliyefundisha maisha yake yote, aliyenisahihisha mimi nukta na mkato, alianza kulifuta jiwe vumbi kwa kiganja. Watoto wa bibi wakasema ama jina lifutwe ama jiwe liondoke kabla mama yao hajadhurika. Kulifuta kulikuwa rahisi, fundi alikuwepo na patasi anayo. Mwalimu akakaza shingo. Alisema akilifuta jina la mtoto mmoja atakuwa amefanya kama wale madaktari. Nilimvuta pembeni nikamwambia huyu si mtoto, ni mtu mzima anayekukatalia. Akaniambia mimi ni mwandishi wa magazeti na sielewi historia. Jiwe liling'olewa jioni ileile, likavunjika pembe moja, na likarudi Mbeya.

Liliegemezwa kwenye ukuta wa banda la kuku, na hapo ndipo uovu mdogo wa rafiki yangu ulipochipuka. Alikuwa amepiga hesabu zake: bibi akifa, jina halitakuwa uchuro tena, na jiwe litarudi mahali pake bila ugomvi. Akawa anampigia simu mtendaji kila mara. "Bibi anaendeleaje?" anauliza kwa sauti ya kanisani. Nilimwona uso akipokea majibu. Bibi amepata malaria, uso unakunjuka. Bibi amepona, ameonekana shambani, uso unanyauka. Sijawahi kuona mtu akisononeshwa hivyo na afya ya mwenzake. Nilimwambia hivyohivyo, naye hakukana. Alisema historia haina haraka. Shinikizo la damu lilikuwa na haraka. Lilimwangusha akiwapa kuku maji, hatua chache kutoka kwenye jiwe lake.

Walimzika kwao Iringa, na mwezi huu familia ikafanya ibada ya kuweka msalaba. Wanawe ni vijana wa kubana matumizi. Waliliona jiwe zuri linapigwa mvua, wakampelekea fundi, naye akaligeuza na kumchongea baba yao jina lake upande uliokuwa mtupu. Tuliondoka nalo Mbeya nyuma ya gari, limefungwa blanketi. Pale Igawa tulimkuta bibi na mjukuu wake barabarani, wamepewa taarifa na mtendaji, wanataka kwenda kutoa pole. Tuliwapakia. Kwa hiyo jiwe lilipita njiapanda ya kijiji lilikotakiwa kusimama, bibi akiwa ameketi mbele yake, akiongea habari za mvua. Hakuna aliyemwambia kilichomo ndani ya blanketi, mimi nikiwemo.

Kaburini mjukuu alimsomea jina la mwalimu. Bibi akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, akainama, akagusa jiwe, na mkono wake ukafika kwenye ile pembe iliyovunjika.

"Hii jiwe naijua," alisema. "Ile yetu mlipeleka wapi?"

Mtoto mkubwa wa marehemu alitazama viatu vyake. "Ndiyo hii, bibi. Tumegeuza tu."

"Na sisi?"

"Mko upande wa chini."

Bibi alikaa kwenye ukingo wa kaburi. Watu wakajifanya kutafuta vitabu vya nyimbo. "Kumbe mwisho amenipata," akasema.

Wakati wa kurudi nilikaa naye. Nilikuwa na hasira na marehemu, hasira niliyo nayo hadi ninapoandika haya, kwa sababu alikuwa na haki katika kila jambo isipokuwa lile moja, na hilo moja likayala mengine yote. Majina yale sasa yapo mahali pawili tu: yamemlalia mwalimu kifuani, na yamo kinywani mwa bibi. Nikafikiri ninayo dawa. Nikamwambia bibi kwamba ninaandika gazetini, na kwamba gazeti si kaburi, hata walio hai hutajwa humo.

"Wazungu walichukua damu, hawakuuliza," alisema. "Mwalimu akachukua jina, hakuuliza. Nikamkatalia, akaondoka nalo. Watoto wake wamelizika, hawakuuliza. Wewe unaniambia au unaniuliza?"

"Nakuuliza, bibi."

"Basi sitaki."

Nikasema sawa. Akanitazama usoni kuona kama namdanganya, kisha akageukia dirisha. Alishuka Igawa, akamshika mjukuu bega wakavuka barabara. Kwa hiyo msomaji hataona jina lake hapa, wala la mwenzake yeyote. Anayetaka kumkumbuka mtu aanze kwa kumuuliza, na akiambiwa hapana, aondoke mikono mitupu. Mwalimu angeipigia sentensi hiyo mstari mwekundu.