Nilivyotembezwa mitaa ya geisha na mjukuu aliyekataa kufundwa

Vijana mnaoperuzi humu, shikamoo zenu nimeshazipokea, tulieni msome. Wakuu, salamu. Mimi ni bibi wa Walthamstow, London, shule niliishia la nne, mnivumilie mwandiko. Ninayosema nimeyaona kwa macho yangu, chumvi sijaongeza.

Kwetu Tanga mimi ni somo, nafunda wanawali kabla ya ndoa. Hapa London nimefunda manesi, carers wanaolea wazee, mpaka mwanasheria mmoja.

Ila mjukuu wangu Rehema, niliyemlea mwenyewe, alikataa. Harusi mwezi ujao, ananiambia, "Bibi, that's so old-fashioned. Yote yapo online."

Iliniuma.

Basi akanikatia tiketi twende Japan, tutembee kabla hajaolewa. Siku ya pili, Kyoto, akanipeleka walking tour ya mitaa ya geisha.

Nikamuuliza, "Umenitoa London kuja kutazama malaya?"

Alicheka mpaka akachuchumaa.

Guide wetu alikuwa mama mtu mzima, mfupi, mwendo ananishinda. Akatupitisha vichochoro vya nyumba za mbao. Akasema hao si malaya, ni mafundi wa muziki, kucheza na kukaa na wageni. Binti anaingia kwenye nyumba ya mama mlezi, anapewa dada mkubwa wa kumfundisha. Kutembea, kukaa, kumimina chai, lini aseme na lini anyamaze. Miaka kadhaa hiyo.

Nikamvuta Rehema mkono. "Huyo dada mkubwa si somo huyo?"

Akajifanya anatafuta kitu kwenye pochi.

Mara akatokea binti mwenyewe, uso mweupe pee, viatu virefu vya mbao, ana haraka. Watu wa kundi letu wakamkimbilia na simu, na guide ameshakataza picha kule.

Wakuu, nilisimama katikati ya kichochoro nikatanua kanga.

"Rudini nyuma. Mtoto wa watu anakwenda kazini."

Kiswahili kitupu, na walielewa.

Binti akapita, akaniinamia kichwa. Guide naye akainama, akamuuliza Rehema bibi yako anafanya kazi gani.

Rehema akasema, "She teaches brides. Kwetu anaitwa somo. People come to her from all over London."

Sijawahi kumsikia akilitaja hilo mbele za watu.

Kwenye treni akaniuliza taratibu, "Bibi, nimechelewa?"

"Umechelewa sana. Nitakubana mpaka ulie."

Tukacheka, na mzee wa kiti cha mbele naye akacheka, hajui hata tunacheka nini.

Funzo ni hili: kazi ya mtu usiitukane kabla hujamuuliza mwenyewe. Mimi niliwatukana wenzangu wa kazi, na Rehema alinitukana mimi. Tulitoka sare. Mliofundwa na mliokimbia, semeni hapo chini, kwa adabu.

Tuliporudi nikawaita baba yake Rehema na kaka zake sebuleni.

"Kuanzia Ijumaa wanaume wote mnahamia kwa shangazi yake Rehema kule Neasden, wiki nzima. Ufunguo niachieni mezani. Na atakayegonga mlango kuulizia chakula, huko aliko kuna jiko."