Msemaji wa Wauguzi

Tunatengeneza programu ya hospitali. Kila Jumatatu mpanga kazi wetu hubandika kadi za kazi ukutani, ya juu ndiyo ya kufanywa kwanza, na huziandika kana kwamba yeye ni muuguzi: “Mimi muuguzi nataka skrini yenye rangi tulivu.” Huzilainisha kwa kidole gumba huku akipiga mluzi. Wodini hajawahi kukanyaga!

Juzi muuguzi wa kweli alikuja, akazisoma, akaguna. “Kaka, nani kakutuma? Mimi nataka kompyuta inionye kama dawa itamdhuru mgonjwa, kabla sijamchoma sindano.”

“Tumekusikia, dada yangu,” mpanga kazi akajibu kwa upole.

Muuguzi akaandika kadi yake, akaibandika juu kabisa. Mlango ulipofungwa tu, mpanga kazi akaibandua kwa ukucha, akaishusha karibu na sakafu. Nasi sita, wenye shahada zetu, tukatazama tu.