Kaka Yangu Anatafuta Risiva

Kaka yangu ni mpiga chapa. Ukimwona barabarani utadhani ana huzuni, kwa sababu anatembea akiangalia chini, lakini hiyo ni tabia ya kazi: amezoea kutazama kama viatu vyake vimekanyaga wino. Kazini wanamwita Taratibu. Mtambo ukianza kutoa karatasi zenye madoa, wenzake hukimbilia kufungua kila skrubu wanayoiona. Yeye huwazuia kwa mkono. Anabadilisha kitu kimoja, anawasha, anasikiliza. Kama doa bado lipo, anakirudisha kile cha zamani na kubadilisha kingine. "Ukibadilisha viwili kwa pamoja," huwaambia, "hata mgonjwa akipona hujui dawa ilikuwa ipi." Maisha yake yote ya kazi yamepita hivyo, na sijawahi kusikia mtambo uliomshinda.

Mke wake, wifi yangu, alikufa mwanzoni mwa msimu wa mvua. Aliumwa kidogo tu, tukadhani ni mafua, na ikawa si mafua. Kaka hakulia. Hakulia hospitali, hakulia makaburini, hakulia siku ya kugawa nguo. Alipokea wageni, akawashukuru kwa kuja, akawaelekeza choo kilipo. Watu wakasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nami nikausubiri huo mshindo mpaka nikachoka.

Mimi ni mwalimu wa chekechea. Nimezoea watu wanaolia kwa sababu ya penseli. Mtu asiyelia kwa ajili ya mkewe ananitia hofu, na hofu yangu haijui kutoka kwa jina lake, hutoka ikiwa hasira. Nikamwambia wazi, tukiwa jikoni kwake: "Kaka, wewe umekufa ganzi."

Akafikiri kidogo. "Ndiyo," akasema, "hilo ndilo neno lenyewe." Akaendelea kumenya viazi.

Sasa, yeye na wifi walikuwa na jambo lao moja. Jioni, vyombo vikishaoshwa, walikaa sebuleni wakasikiliza muziki wa dansi wa zamani kwenye amplifaya aliyoinunua kabla hawajaoana. Hawakuongea. Ukiwatembelea saa hiyo ulipewa kiti na kunyamazishwa kama mtoto. Wifi alifumba macho, na kuna wimbo mmoja wenye gitaa refu mwanzoni, ambao mwimbaji anachelewa kuingia, aliokuwa akiupenda kupita kiasi. Nilikuwa nawacheka. Niliwaita waumini.

Jumapili moja nikamkuta kaka amechuchumaa nyuma ya kabati la redio, tochi mdomoni.

"Muziki umeharibika," akasema alipoitoa.

Nikasikiliza. Ulikuwa muziki ule ule. "Umeharibika vipi?"

"Unapita tu. Zamani ulikuwa unafika hapa." Akagusa kifua, kwa namna ya mtu anayemwonyesha fundi cherehani mahali kifungo kilipodondoka. "Siku hizi nausikia wote, hakuna kinachofika. Kuna kitu kimekufa humo ndani."

Ulimi hauna mfupa, na wangu ndio kabisa. Lakini siku ile niliuuma. Nilijua ni nini kimekufa na hakikuwa ndani ya kabati. Ila kaka alikuwa amesema maneno mengi kuliko aliyoyasema tangu msiba, na macho yake yalikuwa yanatafuta kitu. Sikuwa na moyo wa kumnyang'anya.

Alikuwa ameshaanza, kwa taratibu zake. Kwanza alibadilisha nyaya. Akasikiliza: bado. Akasogeza spika mbali na ukuta. Bado. Akaazima kwa mwenzake mashine ya kuchezea CD, akairudisha. "Imebaki amplifaya," akaniambia. "Ikibadilishwa hiyo, muziki utarudi." Alisema bila wasiwasi wowote. Mimi ndiye niliyechukua wasiwasi wake nikaenda nao nyumbani, maana nilijiuliza: na usiporudi?

Fedha aliyokuwa nayo ilikuwa ya kuezeka upya jiko la nyuma. Hakutaka kuongeza hata senti juu ya hiyo, wala kukopa.

"Na mvua ikinyesha?" nikamuuliza.

"Nitapikia sebuleni."

Duka la kwanza lilikuwa na vioo na kiyoyozi, na muuzaji mwenye maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Akatuonyesha risiva za hom thieta, yaani amplifaya za siku hizi za kutazamia sinema nyumbani, zimepangwa ukutani mpaka juu, zote nyeusi. Hii ina njia saba za sauti, ile ina tisa. Hii ukitazama filamu, helikopta inapita juu ya kichwa chako. Hii inaongea na simu. Akawasha moja pamoja na sabufa yake, na vioo vya duka vikatetemeka.

"Mzee," akasema, "hii ukiiwasha nyumbani, jirani anahama."

"Jirani hana kosa," kaka akamjibu. "Mimi nataka ya muziki. Nina spika mbili."

"Spika mbili tu? Zinabaki njia tano hazina kazi!"

"Na masikio ninayo mawili. Njia tano nitazisikiliza na nini?"

Muuzaji akanigeukia mimi, akidhani nitamsaidia. Nikamwambia kaka yangu ni hivyo hivyo tangu amezaliwa, asihangaike. Ile iliyolingana na fedha ya kaka ilikuwa ya chini kabisa kwenye safu: njia zote saba zilikuwamo, taa za bluu zilikuwamo, lakini kaka alipoinyanyua upande mmoja ikanyanyuka kwa vidole viwili, nyepesi kama kopo tupu. Akaishusha, akaelekea mlangoni. Nilipotoka nilikuwa na hasira na muuzaji, na sikujua kanikosea nini. Alikuwa anafanya kazi yake tu.

Duka la pili lilikuwa la vifaa vilivyotumika, nyuma ya karakana ya friji. Mwenyewe ni mama mmoja mnene, miwani imening'inia kifuani, anaongea huku anasugua vitufe vya redio kwa brashi ya meno. Safari hii kaka alikwenda na spika yake moja, imefungwa kwa shuka, na aliyeibeba nyingine nilikuwa mimi. Tulipita mtaa mzima watu wakitutazama. Mmoja akauliza tunahamia wapi.

Yule mama hakutaja helikopta. Akauliza chumba ni kikubwa kiasi gani, sakafu ina zulia au saruji tupu, na tunasikiliza kwa sauti gani. Kisha akamwambia kaka: "Kwa fedha yako, mpya itakupa mengi, na kila kimoja kidogo. Chukua iliyotangulia miaka kadhaa. Ilikuwa ghali wakati wake. Watu wanaziuza kwa sababu hazionyeshi picha za televisheni mpya. Wewe picha ya nini?"

"Sina haja nayo."

"Basi faida ni yako." Akavuta risiva moja kutoka chini ya meza. Kaka akaijaribu uzito na kwa mara ya kwanza nikamwona akiheshimu kitu. Mama akaunganisha spika zetu, akabonyeza kitufe kinachozima makorokoro yote, ikabaki sauti mbili, kushoto na kulia, bila kuongezwa kitu. Kaka akampa CD yake.

Ulikuwa ule wimbo wa gitaa refu. Nikamtazama kaka, si mashine. Aliinamisha kichwa upande mmoja, jinsi anavyousikiliza mtambo.

"Nasikia vidole vikiteleza kwenye nyuzi," akasema. "Nasikia mwimbaji anavuta pumzi kabla hajaingia. Ni safi. Nyumbani sijawahi kuyasikia haya."

"Na inafika?" nikamuuliza kwa sauti ya chini.

"Dukani hapapimiki hicho."

Akalipa. Mama akamtafutia na maikrofoni ndogo iliyokuja na ile risiva tangu kiwandani, akamweleza kwamba itaweka sauti kulingana na mahali msikilizaji anapokaa. Njiani nilibeba spika bila kulalamika, na mtu anayenijua ataelewa nilikuwa na hali gani.

Tukaunganisha kila kitu mchana ule ule. Kaka akachomeka maikrofoni, akavuta waya wake mpaka katikati ya chumba, akaiweka kwenye kiti cha wifi. Hakusita hata kidogo.

"Kaka," nikasema, "kiti chako ni kile."

"Mashine inauliza msikilizaji anakaa wapi," akasema. "Msikilizaji alikuwa anakaa hapa. Mimi nilikuwa nakaa naye tu."

Risiva ikadai kimya, nasi tukanyamaza, nami nikazuia hata pumzi. Ikatoa mvumo upande wa kushoto, ikatoa upande wa kulia, ikarudia. Halafu ikaandika kwenye kioo chake kwamba imemaliza.

Kaka akaweka wimbo, akaenda kukaa kwenye kiti chake karibu na mlango, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Wimbo ukapigwa mpaka mwisho. Akainuka, akaurudia, akakaa tena. Ukaisha tena. Uso wake ulikuwa vilevile tangu makaburini. Nilitamani kumtikisa mabega. Nilitamani kuzima, nitengeneze chai, tuongee habari za jiko.

"Mdogo wangu," akasema, "hebu kaa pale."

"Kwenye kiti cha wifi?"

"Ndipo sauti ilipowekwa."

Hakuna aliyekuwa amekikalia tangu afe. Mto wake ulikuwa bado umebonyea upande aliokuwa akiegemea. Nikakaa pembeni pembeni, akaniambia nirudi nyuma niegemee vizuri, nikaegemea. Akauweka wimbo kwa mara ya tatu.

Gitaa likaanza, na sikuweza tena kusema linatoka kwenye spika ipi. Lilikuwa mbele yangu, pale penye ukuta mtupu. Kisha yule mwimbaji akavuta pumzi yake na kuingia, akachelewa kama anavyochelewa siku zote, sauti yake kimo cha mtu aliyesimama. Nikamkumbuka wifi yangu, alivyokuwa akininyamazisha kwa kidole bila kufumbua macho. Nilikuwa nampenda sana yule mwanamke na sikuwahi kumwambia zaidi ya kumtania. Nikalia. Nililia kwa kelele, kama watoto wangu wa chekechea, kamasi zikanishuka na sikujali.

Kaka akaja akachuchumaa mbele yangu. Hakunibembeleza. Alinitazama usoni kwa makini, kama anavyotazama karatasi ya kwanza ikitoka mtamboni.

"Inafika?" akauliza.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Hapa?" Akagusa kifua chake.

"Inafika, kaka. Inafika mno."

"Basi mashine ni nzima." Akatazama nyaya, akatazama spika, akaitazama risiva yenyewe, moja baada ya nyingine, hakuharakisha. Mwimbaji alikuwa bado anaimba. "Nimebaki mimi, mdogo wangu. Na mimi sijui nafunguliwa wapi."

Nikamshika mkono. Akaniachia niushike, akatulia, kama mtu anayepimwa presha.