Injini Inamisi, Nyuki Nje

Msinicheke kwa kile kigari. Ni kidogo, cha zamani, mgongo wa kobe, injini nyuma na buti mbele. Majirani zangu hapa Mpanda wananitania kwamba nimeoa chuma. Sawa. Lakini siku ile ya kumrudisha mama kutoka Inyonga, alikokwenda kumsalimia kaka yake, nilikitukana matusi ambayo siwezi kuyaandika.

Mjomba alitupa ndoo ya asali, na masega yake humo humo. Utamwambia nini mjomba, kwamba asali yake huitaki? Haiwezekani, hata kama nyuki kwa mama ni kifo. Zamani kidogo nyuki mmoja tu alimuuma mama shambani, koo likavimba, pumzi ikawa inapita kwa mluzi, tukamfikisha zahanati hajitambui. Daktari alituonya kwamba akiumwa tena anaweza asifike. Nilipomkumbusha mjomba hayo, akacheka: "Asali si nyuki, mpwa wangu." Nikaiweka ndoo kwenye buti, tukaondoka.

Tulikuwa katikati ya msitu injini ilipoanza kumisi. Inaunguruma, inakata, inaunguruma. Nakanyaga mafuta, haivuti. Tukaingia kwenye mchanga, gari likaishiwa nguvu, likazima. Nikashuka kufungua kifuniko cha nyuma, na mama akaacha mlango wake wazi apate hewa. Niliporudi kuchukua spana chini ya kiti ndipo nikaona ndoo imepindukia butini, asali inachuruzika kwenye bampa ya mbele, na nyuki wameshaanza kutua.

"Mama, funga mlango! Pandisha vioo!"

Akafunga. Nikaitoa ile ndoo mbio mbio, nikaitupa porini, lakini buti lenyewe lilikuwa limelowa, na nyuki walizidi kuja. Simu haikuwa na mtandao. Bodaboda mmoja akatokea, akapunguza mwendo, akapiga kelele, "Nyuki hao, we!" kisha akatokomea. Nilimlaani. Leo simlaumu.

Kuijua silinda isiyochoma si kazi kubwa. Injini ikiwa inaunguruma, unachomoa waya za plagi moja moja. Mlio ukibadilika, silinda hiyo ni nzima. Usipobadilika, umeipata mbovu. Tatizo ni kwamba nyuki hawapendi kitu kinachotetemeka. Nisipowasha, hatutoki pale, na mama ataiva ndani ya vile vioo. Nikiwasha, nawachokoza wakiwa wametanda juu ya kichwa chake. Jamani, niliogopa. Nikawa nasimama tu na spana mkononi kama mjinga.

Mwishowe nikamwashiria azungushe ufunguo. Akauzungusha kwa mkono wa kushoto, akijipinda vibaya, nikadhani ni woga. Injini ikawaka kwa kurukaruka, na nyuki wakaanza kupiga ile sauti yao nyingine, ya hasira.

Nikachomoa waya ya kwanza. Mlio ukabadilika. Nikairudisha. Mmoja akaniuma shingoni. Ya pili, mlio ukabadilika. Wakaniuma sikioni, mgongoni, kwapani, nikawa nalia na kutukana kwa pamoja. Ya tatu, wala! Haikubadilika hata kidogo. Nikairudisha na kuinama, nikasikia ta, ta, ta: ngozi ya waya ilikuwa imepasuka, imeegemea bati, na moto badala ya kwenda kwenye plagi ulikuwa unarukia kwenye bati. Yaani kitu kidogo hivyo! Nikamwashiria mama azime, nikavua kamba ya kiatu, nikaivuta waya mbali na bati na kuifunga. Akawasha tena. Injini ikaunguruma vizuri, bila kukata.

Nikakimbia pembeni, nikavua shati na kulitupa, nikajikung'uta mpaka nywele. Kisha nikaingia kwa kujipenyeza, nikatia gia. Gari likauma mchanga, likatoka.

"Ongea, mama," nikamwambia. Nilitaka nisikie kama koo liko wazi. "Ongea chochote."

"Endesha," akasema.

Nikaendesha kama mwizi mpaka msitu ukaisha, tukaanza kuona mashamba ya tumbaku. Hapo mama akasema, "Sasa simama." Nikasimama. Mkono wake wa kulia ulikuwa mapajani, umekunja ngumi kwenye pindo la kitenge, na ndani ya ile ngumi kitu kilikuwa kinavuma.

"Aliingia mlango ulipokuwa wazi," akasema. "Nikambana hivi. Nikimminya ataniuma, nikimwachia ataniuma."

"Mama! Muda wote huo? Mbona hukusema?"

"Ningesema ungeiacha injini."

Ni kweli, ningeiacha. Nikazunguka upande wake, nikafungua mlango, nikamwambia aachie. Vidole vilikataa. Vilikuwa vimekakamaa, ikabidi nivinyooshe mwenyewe, kimoja kimoja, huku nyuki akivuma chini ya kiganja changu.

"Polepole, mwanangu," mama akasema, na machozi yakaanza kumtoka. "Naogopa."