Karanga za Jumamosi

Pale ghalani walimwita Jicho, na jina hilo hakupewa bure. Karanga ikiwa na doa dogo kama kichwa cha sindano, yeye ameshaiona, ameshaitoa, na mkono uko kwenye nyingine. Wenzake walimtania kwamba siku akifa asifumbwe macho, maana malaika watamhitaji awachambulie wenye dhambi. Yeye hucheka tu na kuendelea na kazi.

Kazi yenyewe ya kusifia ni ipi? Wanawake wamebanana kwenye mabenchi, karanga zimemwagwa mezani, vumbi jekundu la maganda linaingia puani mpaka kamasi inabadilika rangi. Nzuri zinaenda kwenye gunia. Zilizonyauka, zilizopasuka, zilizoota ukungu wa kijani, zinatupwa kwenye beseni chini ya meza. Zamani mabeseni hayo yalimwagwa shimoni nyuma ya ghala, karanga zikachomwa moto.

Jicho ndiye aliyesema haiwezekani. "Bosi, sisi tunalala njaa na wewe unachoma chakula? Huogopi hata Mungu?" Akamganda msimamizi kama kupe, asubuhi yumo, jioni yumo, mpaka yule bwana akachoka akasema haya, kila Jumamosi gawaneni, mniache nipumue. Siku hiyo wanawake walipiga vigelegele. Walimnyanyua Jicho juujuu, na nusura wamwangushe.

Basi zikaitwa karanga za Jumamosi. Waliziosha, wakazikaanga kwa chumvi, wakazitwanga, wakazitia kwenye uji na kwenye mboga. Uchungu ukizidi wanaongeza sukari. Jicho mwenyewe, ambaye kazini hakuikubali hata karanga yenye mkunjo, nyumbani alizipokea zote, kwa sababu kazini alichambulia wateja na nyumbani anapika cha bure. Mjinga? Hapana bwana. Njaa ina akili yake, na mwenye kushiba asimcheke.

Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na mumewe, fundi wa kusuka viti vya ukindu. Mtoto hawakujaliwa, kwa hiyo mapenzi yote yaliyokuwamo ndani ya chumba kile yalimwendea mtu mmoja. Yule mzee alipenda karanga za kutwangwa, basi! Anaramba mwiko, anaramba kinu, anamuuliza mkewe kama na mchi nao unarambika. Jicho akawa anampakulia fungu kubwa, na lake analifanya dogo, akisema yeye ameshiba kwa harufu. Alimpenda sana mumewe, na hivyo ndivyo alivyojua kupenda.

Fundi alianza kwa kukosa hamu ya kula. Kisha mikono ikakonda huku tumbo likijaa, macho yakawa ya manjano, akashindwa hata kuvuta ukindu. Hospitalini daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, alimwita Jicho pembeni. Ini limeharibika, akasema, na ndani yake kuna uvimbe ambao hawawezi tena kuutoa. Akauliza kama mzee alikuwa akinywa pombe.

"Pombe? Huyo hata harufu yake haijui."

Akauliza wanakula nini. Jicho akamwambia, na daktari akaacha kuandika.

"Mama, ule ukungu una sumu. Hauumizi leo wala kesho. Unakula ini polepole, mwaka hadi mwaka."

"Lakini mimi huziosha."

"Haioshiki."

"Nazikaanga vizuri mpaka zinalia."

"Moto wa jikoni hauiondoi." Daktari akamshika mkono. "Siwezi kuapa kwamba ni karanga peke yake, ini lina maadui wengi. Lakini kama zingekuwa jikoni kwangu ningezitupa leo hii. Yenye ukungu, iliyonyauka, iliyo chungu, usile, usimpe hata kuku. Nunua kidogo, nunua kavu, na uzisage mwenyewe."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Cha Jicho alikileta mwenyewe, amekibeba kichwani, na vigelegele amepigiwa.

Sasa hapa ndipo alipokosea, na mimi namlaumu ingawa namwonea huruma. Hakumwambia mumewe. Utaanzaje? Mume wangu, nimekulisha sumu kwa kijiko? Akamwambia ni vidonda vya tumbo, na majirani akawaambia hivyo hivyo. Karanga akaacha kupika, na mzee alipoziuliza, akasema zimeadimika.

Ghalani, Jumamosi ilipofika, akasimama mbele ya wenzake. Jamani, daktari amesema hizi zina sumu, tusipeleke nyumbani, tuna watoto. Daktari gani? Amemwambia nani, na kwa nini? Jicho akababaika. Angesema tu, "Mume wangu anakufa," wangeziangusha palepale. Hakusema.

"Wewe si ndiye uliyetuombea?" mmoja akadakia. "Leo unataka kutunyang'anya?"

"Atakuwa amepata mnunuzi huyo."

"Mimi nimezikuza nazo mimba zangu, mbona tunadunda?"

Hata mwenzake wa benchi, mama mmoja waliyemwita Kicheko, mwenye watoto wadogo na mdomo usiofungika, alimvuta khanga akamnong'oneza aache kujiaibisha.

Jicho akatoka, akarudi na kidumu cha mafuta ya taa, akayamimina juu ya lundo lote la karanga za Jumamosi. Loo! Matusi aliyoyapata siku ile siwezi kuyarudia. Msimamizi alimfukuza kazi papo hapo, tena si kwa kuwahurumia wanawake. Yeye alishaanza kuwaza kuziuza karanga hizo kwa wasagaji wa sokoni. Nawe unayenunua karanga zilizokwisha kusagwa, laini kama losheni, umewahi kujiuliza kilichosagwa kilikuwa na sura gani?

Wiki ikapita bila mtu wa ghalani kumsalimu. Ndipo jioni moja Kicheko akabisha hodi, ana chupa ya uji kwapani.

"Mwenzangu, mimi sina kinyongo," akasema, akavua kandambili na kuingia. "Nimesikia shemeji hali kitu. Nimemletea uji wake ule anaoupenda."

Fundi akajiinua kwenye mto. "Wa karanga? Mungu akubariki, shemeji. Huyu ananinyima siku hizi."

"Karanga umezipata wapi?" Jicho akauliza.

"Si zile zile! Ulipoondoka tukazigawana. Nimezisugua kwa sabuni, nikazianika, harufu ya mafuta ya taa imekwisha kabisa." Kicheko akacheka. "Au bado una hadithi zako za ukungu?"

"Ukungu gani?" fundi akauliza, mkono ameshaunyoosha.

Jicho akaichukua ile chupa, akaikumbatia kifuani. Alijua kwamba maneno ya daktari yameshashindwa, na mafuta ya taa yameshindwa. Limebaki neno moja tu, na mwenye kuumizwa nalo yuko pale kitandani anamtazama.

"Hana vidonda vya tumbo," akasema. "Ni ini, na halitapona. Mume wangu, nisamehe. Mimi ndiye niliyekulisha ukungu huo. Kila Jumamosi, fungu kubwa, kwa mkono wangu huu."

Mkono wa fundi ulishuka taratibu juu ya shuka. Alimtazama mkewe, na Jicho akangoja alaaniwe. Mzee akamgeukia mgeni.

"Shemeji," akasema, "watoto umewaacha wapi?"

Kicheko alikuwa hacheki tena. "Nyumbani," akasema. "Nimewaachia sufuria wamalizie."

Akatoka mbio, miguu mitupu.