Miaka Mitatu Niliyomwongezea Mdogo Wangu

Mdogo wangu aliiba, sikatai. Alikuwa akiosha vyombo katika hoteli moja ya Malindi, akaichukua saa ya mtalii, akakamatwa nayo getini. Nilipoletewa habari nilimtukana mpaka koo likaniuma. Mwana wa Mambrui, aliyehitimu chuo cha Kurani, mwizi! Lakini mama alitulia.

"Huyu mtoto," alisema. "Watoto hawafungwi. Watamchapa viboko, au watampeleka skuli ya kurekebisha tabia, kisha atarudi."

Mahakamani hakimu alimuuliza ana miaka mingapi.

"Kumi na mitano, bwana," akajibu, kwa kile kisauti chake chembamba, watu wakacheka. Mama akainuka kushuhudia: alimzaa mwezi wa Ramadhani, mwaka ule upepo ulipoezua paa la msikiti. Hakimu akaandika. Nikashusha pumzi.

Ndipo polisi akatoa kitambulisho alichomkuta nacho mfukoni. Miaka kumi na minane.

Yalaiti ningalijua! Mimi ndiye niliyempeleka kwa chifu. Hotelini huajiriwi bila kitambulisho, na nusu ya vijana wa mtaani kwetu walikuwa wameongezwa miaka vivyo hivyo, tukijiona werevu. Mama hana habari. Nilimvika kofia ya marehemu baba aonekane mkubwa, nikaapa mbele ya chifu, jicho kavu.

Nikasimama. "Bwana hakimu, nilidanganya."

"Ulidanganya siku ile," akaniuliza, "au wadanganya leo?"

Cheti cha kuzaliwa hatukuwa nacho; alizaliwa chumbani mwetu, na mkunga alikwisha kufa. Akahukumiwa mwaka mmoja na nusu, jela ya watu wazima. Astaghfirullahi, mtoto ambaye usiku haendi msalani mpaka asindikizwe! Mama hakulia. Alinitazama tu, akajifunika buibui lake, akatoka. Miezi mingi hakunisemesha ila la lazima.

Siku ya kumtoa hatukuarifiwa. Alasiri moja tulikuwa uani, mama na mimi, twakuna nazi vichwa wazi. Tukasikia hodi mlangoni, sauti nzito, mara moja, kisha tena. Mama akashtuka, akanirushia mtandio.

"Jitande upesi," akaninong'oneza. "Kuna mwanamume mlangoni."