Raizoni Kwenye Mchanga wa Mbamba Bay

Vijana wa leo wakiona picha zetu za miaka ile wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mwanaume mzima, ndevu zimemjaa, amesimama juu ya visigino virefu kama vya bibi harusi. Wacheke tu. Raizoni zilikuwa viatu vya wanaume, na aliyekuwa nazo Mbinga alionekana mtu wa maana. Dar es Salaam walishazichoka zamani. Sisi zilitufikia enzi za ruksa, marobota ya mitumba yalipoanza kufunguliwa sokoni, baada ya miaka mingi ya viatu vya plastiki vilivyotuunguza nyayo.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na nilikuwa mfupi. Mfupi ningali, ila sasa sijali. Wakati ule nilijali kupita kiasi. Siku niliyozipata raizoni zangu, za kahawia, kisigino cha vidole vinne, nilikwenda nazo moja kwa moja kwa fundi cherehani. Alinipima suruali ya bugaluu, ile pana chini, nikiwa nimezivaa, pindo likashuka mpaka chini likazifunika. Nikawa mtu wa kimo cha wastani.

Wenzangu walizivaa kwa urembo. Waliotoka kijiji cha Maguu siku ya soko walizibeba mkononi njia nzima, wakanawa miguu kwenye kijito karibu na mji, ndipo wakazivaa. Mimi nilipanda na kushuka nazo milima, masika na kiangazi. Mara mbili niliteguka kifundo cha mguu, na sikuvua.

Nilikuwa na mchumba, nesi, Mnyasa wa Mbamba Bay aliyepangiwa kazi kwetu milimani. Tulifahamiana kwenye kwaya ya kanisa. Aliniita Mwalimu, na aliendelea kuniita hivyo hata baada ya kukubaliana kuoana. Alikuwa mrefu. Nikiwa na raizoni mabega yetu yalilingana, na kwa mwaka mzima hakuwahi kuniona bila hizo. Nilimpenda sana. Nasema hivyo kwa sababu kinachofuata kinaweza kumfanya mtu adhani sikumpenda.

Likizo ya Juni akaniambia twende kwao, baba yake anione kabla wazee wangu hawajatuma mshenga. Mama yake alishafariki, kwa hiyo neno lilikuwa la baba. Mzee alikuwa Liuli kwa mdogo wake, akiuguza goti, na angerudi kwa meli. Sisi tungempokea ufukweni. Njia nzima ya kuteremka ziwani nilirudiarudia moyoni namna nitakavyomwamkia.

Meli ilitia nanga mbali kidogo, kama kawaida yake. Abiria waliletwa kwa mitumbwi mpaka kwenye maji ya magotini, na kutoka hapo kila mmoja alijitegemea. Wenyeji walivua viatu, wakakunja suruali na kuinua khanga, wakaingia majini kuwapokea watu wao. Mchumba wangu akanionyesha baba yake, mzee mwembamba mwenye shati jeupe. Alikuwa ametoa mguu mmoja nje ya mtumbwi, na ule wa goti bovu umegoma kumfuata. Mtumbwi ukayumba. Akashika ukingo kwa mikono miwili, akatazama upande wetu.

Binti yake alinitazama. Ile ilikuwa kazi ya mkwe, na mimi ndiye niliyekuja kuomba ukwe.

Niliinama. Vidole vyangu vilishashika kamba za kiatu. Nikaiona akilini suruali ile ikifagia mchanga, nami nimesimama chini ya bega la mchumba wangu, mbele ya ndugu zake wote. Nikainuka. Yote hayo hayakuchukua muda wa kuhesabu mpaka kumi, na nimekuwa nikiyaonea aibu maisha yangu yote.

Mchumba wangu alivua kandambili zake akaingia majini na gauni lake zuri. Akauweka mkono wa baba yake shingoni mwake, wakaja polepole, maji yakiwapiga magotini. Mvuvi mmoja ambaye hakuwa hata ndugu yao aliwabebea mzigo. Nilibaki nimesimama, visigino vimezama mchangani.

Nilimwamkia shikamoo baba, akaitikia marahaba mwanangu kwa upole. Kisha akatazama miguu yangu, akanipa pole. Sikuelewa ya nini, ila niliitikia.

Jioni, tukisubiri chakula, mchumba wangu aliniletea maji ya kunawa pale uani. Pindo la gauni lake lilikuwa bado bichi. Alinimiminia bila kuniangalia, na sauti yake haikuwa na hasira yoyote.

"Baba ameniuliza kama una kidonda mguuni, Mwalimu. Nimemwambia ndiyo."

Hatukuzungumzia tena ndoa, siku ile wala baadaye. Asubuhi nilisema nimeitwa shuleni. Yeye alibaki jikoni. Mzee alikataa katakata niende peke yangu. Alinisindikiza mpaka kwenye gari la Mbinga akichechemea kwa fimbo, akinikamata mkono kila tulipofika kwenye mawe ili nisijitoneshe, na njia nzima alinisihi nisiuchezee mguu ule, nikifika tu niende hospitali.